Kasuku wa mukia mwekundu: anazaa pole pole, anakamatwa mbio

Katika karatasi hii tumezoea kusema habari za mihogo, za kakao na za kasa ya koperative. Leo tunasema juu ya ndege. Sababu ni kwamba katika vijiji vilivyo kando ya musitu, upande wa Maniema na wa Tshopo, watu wa kukamata kasuku wanafika kwa shefu wa kijiji, ao kwa komite, na kuomba njia. Wanaomba kuonyeshwa mahali kasuku wanalala. Wanaacha pesa kidogo, pengine sabuni na chumvi, kisha wanapanda miti. Siku ile mutu wa komite anapaswa kujibu ndiyo ao hapana, na mara nyingi anajibu bila kujua ni kitu gani anatoa. Basi tumuangalie huyu ndege vizuri: nchi zake, namna anazaa, na nani anakula faida yake.

Ni ndege gani

Hapa kwetu hakuna mutu asiyemujua. Mwili wake ni wa rangi ya majivu, uso ni mweupe bila manyoya, mudomo mweusi, mukia mwekundu kama moto. Ana urefu wa santimeta 33 hivi, na uzito wake ni kama gramu 400, yaani hajafika hata nusu kilo. Asubuhi mapema anapita juu kwa juu akipiga kelele, anakwenda kutafuta chakula. Jioni anarudi kulala pamoja na wenzake, mara mingi kwenye mingazi ao miti mirefu iliyo peke yake. Hapendi kukaa yeye tu. Tabia hiyo ya kupenda wenzake njo inamuua, tutaona mbele.

Kitu kingine kinachomuua ni akili yake. Huko Marekani, mwalimu mumoja wa chuo kikuu, mama Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa namna hii katika mwaka 1977, akamuita Alex. Alimufundisha miaka 30, hadi Alex alipokufa katika mwaka 2007. Alex alijua majina ya vitu 50 hivi, alijua rangi, aliweza kuhesabu hadi 6. Habari yake ilizunguka dunia nzima, na kila mutu mwenye pesa akataka ndege anayesema nyumbani kwake. Mutu anayemununua kule hajui kama ndege huyu alianza maisha yake katika shimo la muti nyuma ya shamba la mihogo ya mutu fulani.

Nchi zake

Kati kati ya nchi za kasuku ni bonde la Kongo, na sehemu kubwa ya bonde hilo iko kwetu. Duniani, musitu wa mvua ulio mukubwa kupita wetu ni ule wa Amazoni peke yake. Kutoka hapa, makao ya kasuku yanakwenda magharibi kupitia Kongo-Brazzaville, Gabon, Kamerun, Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta, kisha Nigeria na Ghana, hadi upande wa mashariki wa Ivory Coast. Kusini yanagusa Angola, zaidi katika Cabinda. Mashariki yanapita Uganda, yanafika kona ya Tanzania yenye musitu wa Minziro, na kwenye musitu wa Kakamega, Kenya, ambako wamebaki wachache kabisa. Uganda kuna jambo la kupendeza: kule Entebbe, kando ya ziwa, kasuku wanapita juu ya nyumba za watu kila siku na hakuna mutu anayewasumbua sana. Wako pia kwenye kisiwa cha Príncipe, ndani ya bahari, na kule wangali wengi.

Kutoka Ivory Coast kwenda magharibi zaidi, hadi Guinea-Bissau, anaishi ndugu yake. Yeye ni mudogo kidogo, rangi yake ni nzito zaidi, na mukia wake ni wa rangi ya damu iliyokauka. Zamani wataalamu waliwahesabu wote kuwa aina moja. Siku hizi wanawatenganisha.

Ukisikia nchi nyingi hivyo unaweza kufikiri: basi, hawatakwisha. Hapo njo tuangalie Ghana. Ghana ni nchi ya wakulima wa kakao kama sisi, hata zaidi yetu. Zamani kasuku walikuwa wanalala makundi makubwa katika mingazi yao. Wataalamu walirudi kuhesabu pahali pale pale palipokuwa pamehesabiwa zamani, na katika mwaka 2016 wakaandika matokeo: tangu mwaka 1992, kati ya kasuku 100 wa Ghana, 90 hadi 99 wamekwisha. Mutu aliyezaliwa kule mwaka 1992 leo ni mutu muzima mwenye watoto. Ni katika maisha ya mutu mumoja, na bado hajazeeka. Mambo mawili yalifanya kazi ile pamoja: kukamata, na kukata miti mikubwa.

Hesabu ya kasuku si hesabu ya kuku

Hapa njo ninataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanahesabu kasuku kama vile wanahesabu kuku.

Kuku wa kijiji anaanza kutaga akiwa na miezi 6 hivi. Analalia siku 21, anatotoa vifaranga 8, 10, pengine 12, na mwaka ule ule anarudia. Kama mwewe amechukua nusu, unalia kidogo, kisha kuku anakujazia tena. Kasuku hafanyi vile. Anahitaji miaka 3 hadi 5 kabla ya kuzaa. Dume na jike wanakaa pamoja muda murefu. Wanatafuta shimo katika muti mukubwa, mita 10, 20, hata 30 juu, na shimo hilo hawalitoboi wenyewe: wanaingia katika shimo lililokwisha kuwako, pahali tawi lilivunjika na kuoza. Jike anataga mayai 2 ao 3, wakati mwingine zaidi kidogo. Analalia karibu mwezi muzima. Watoto wanatoka bila manyoya, wanabaki ndani ya shimo karibu miezi 3 wakiletewa chakula. Na si kila jozi inazaa kila mwaka. Wengine wanakosa shimo, basi wanapitisha mwaka bure.

Tufanye hesabu kama ile tunayofanya katika kitabu cha kasa. Namba hizi ni za mufano, lakini ukibadilisha kidogo hapa na pale jibu litabaki karibu na lile lile. Tuseme musitu wa kijiji uko na kasuku wakubwa 40, yaani jozi 20. Mwaka huu jozi 10 zimepata shimo na zimezaa. Kila jozi imefikisha mutoto 1 hadi kuruka. Wako 10. Kati ya hao, tai, nyoka, njaa na mvua vinachukua nusu kabla hawajakuwa wakubwa. Wanabaki 5. Na katika wale 40 wakubwa, tuseme 2 wanakufa kila mwaka kwa uzee ao kwa magonjwa. Faida ya mwaka muzima: kasuku 3.

Sasa watu wa gundi wanakuja. Wanapewa njia. Usiku mumoja, pahali pa kulala, wanaondoka na 30.

Faida ya miaka 10 imekwenda usiku mumoja, na si faida tu: mutaji njo umeondoka. Mukulima yeyote anajua maana ya kula mbegu. Mutu anayekula muhogo anaweza kuhifadhi miti ya kupanda; lakini hapa hata miti ya kupanda imepikwa. Kasuku anayefungwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Kwa hiyo wale wakubwa wachache waliobaki wataonekana bado wakipita juu ya kijiji, na watu watasema: si munaona, wangali wako. Wako, ndiyo, lakini hawana mashimo, hawana watoto, na siku watakufa wazee hakuna atakayewafuata. Mutu akihesabu kasuku wanaopita tu, atadanganyika.

Namna wanavyokamatwa

Wengi munajua, lakini nitasema kwa wale ambao hawajaona. Mukamataji ana gundi ya kupaka kwenye matawi ao kwenye vijiti. Ana pia kasuku mumoja aliyefungwa, ambaye anamuweka karibu ili alie. Wenzake wanasikia, wanakuja kumuona. Wanakaa kwenye tawi, miguu inashikwa, mabawa yanashikwa. Mukamataji anawavuta kama mutu anayechuma embe. Wengine wanapanda na kutoa watoto ndani ya shimo, na kama shimo ni la kina sana wanakata muti wote. Hapo hasara inakuwa mara mbili: watoto wa mwaka huu, na shimo la miaka yote inayokuja.

Kisha wanakatwa manyoya ya mabawa, wanajazwa ndani ya sanduku ao kikapu. Wengi wanakufa. Wanaochunguza biashara hii wanakadiria kwamba kati ya wanaokamatwa, theluthi moja hadi theluthi mbili wanakufa kabla hata ya kutoka katika nchi. Maana yake, ili kasuku 10 wafike kwa mununuzi wa mbali, pengine 15, pengine 30 wametolewa kwenye musitu wetu. Na kama wale wakubwa walikuwa na watoto katika shimo, watoto wale wanakufa njaa kule juu, na hakuna mutu anayewaandika katika hesabu yoyote.

Nani anakula faida

Kasuku wa kwetu wanakusanywa katika miji kama Kindu na Kisangani, kisha wanapelekwa kwa ndege hadi Kinshasa, ao wanapita kwa siri kwenye mipaka ya mashariki. Kutoka pale wanavuka bahari. Kati ya mwaka 1975 na 2013, karatasi za biashara za nchi mbalimbali zilionyesha kasuku wa porini zaidi ya milioni 1.3 waliotolewa Afrika. Hao ni wale walioandikwa. Waliokufa njiani na waliopita kwa siri hawamo.

Bei inapanda kila hatua. Mutu wa musituni anapata kidogo kupita wote. Anayepeleka mujini anapata zaidi. Anayeuza ngambo anapata bei ya pikipiki mahali mutu wa kwanza alipata bei ya sabuni. Mimi sikubaliani na wale wanaokuja katika vijiji na kusema mukulima njo adui wa musitu. Mukulima ni mutu wa mwisho kwenye foleni ya pesa na wa kwanza kwenye foleni ya hasara. Lakini ruhusa inatoka kwake, na hapo njo nguvu yake iko.

Nchi nyingi zimekwisha kufunga mulango. Marekani ilifanya sheria yake katika mwaka 1992. Ulaya ilizuia kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 kwa sababu ya homa ya ndege, na tangu 2007 imekataza kwa moja. Katika mwaka 2016 nchi za dunia zilikutana Johannesburg, Afrika Kusini, zikamuweka kasuku wa kijivu katika orodha ya kwanza ya mapatano ya CITES. Ilianza kufanya kazi Januari 2017. Nchi zinazofuata orodha hiyo hazipokei tena kasuku wa porini kwa biashara. Hapa kwetu kuna pia sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili. Kwa hiyo mutu akifika na karatasi yenye muhuri, komite isiishie kutazama muhuri. Peleka karatasi hiyo kwa ofisi ya mazingira ya teritware, uliza kama ni ya kweli, na jina la koperative lisiandikwe popote kabla ya jibu. Polisi wakikamata muzigo njiani, yule mwenye pesa ameshakimbia. Anayebaki na kesi ni kijana wa kijiji aliyebeba kikapu.

Na jambo moja kwa wale wanaoweka kasuku aliyekamatwa nyumbani, karibu na kibanda cha kuku. Kasuku anaweza kubeba ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima, ule watu wa veterineri wanauita pseudo-peste. Anaweza pia kumupa mutu homa inayoshika mapafu. Kuku 20 waliokufa katika wiki moja ni hasara inayopita bei ya kasuku yule.

Lakini anakula ngazi zetu

Ni kweli. Hili ni neno ambalo wanachama wanalisema katika kila mukutano, na wana haki ya kulisema. Ngazi ni chakula anachokipenda sana. Anakula nyama ya nje yenye mafuta, kokwa anaiangusha. Wakati mwingine anaingia pia katika mahindi yaliyo kando ya musitu.

Lakini angalieni anakula ngazi gani. Anakula zilizoiva. Mukungu unaoachwa juu ya mungazi wiki mbili, tatu baada ya kuiva njo unaoliwa na kasuku, na panya, na ndege wengine. Na mukungu ule, hata kama kasuku hajaugusa, umekwisha kuharibika: ngazi zilizoiva kupita kiasi na zilizochubuka zinatoa mafuta yenye asidi nyingi, na mununuzi wa mawese anapunguza bei. Dawa ni moja kwa shida mbili. Pita katika mingazi kila siku 10 hivi. Ukiona ngazi chache zimeanguka zenyewe chini ya muti, kata. Usingoje chini pawe pekundu. Peleka kwenye mashine upesi. Kwa mahindi, saa mbaya ni mbili tu, asubuhi mapema na jioni kabla ya giza, na mutoto mwenye bati la kupiga anatosha. Ukipanda mahindi, acha mustari wa mihogo ao wa migomba kati yake na musitu.

Muti wenye shimo

Kuna kitu komite inaweza kufanya hata kama hakuna mukamataji aliyefika. Wakati wa kukata pori kwa shamba jipya, miti ya kwanza kuanguka ni ile mikubwa, na ndani ya hiyo njo mashimo yanapatikana. Muti unahitaji miaka mingi sana kufikia shimo la kuingia kasuku; mutu aliyeupanda halioni. Lakini muti wenye shimo mara nyingi umeoza moyo. Ukiukata, mbao nzuri hazitoki, ni kuni tu, na umeharibu petroli ya musumeno. Kwa hiyo huu ni muti ambao kuuacha hakugharimu kitu kikubwa.

Kabla ya kukata, tembeeni katika karo na watu wanaojua musitu, hasa wazee na wale wanaotafuta asali. Wekeni alama kwenye miti yenye mashimo, kwa kitambaa ao kwa chokaa. Ule ulio karibu na nyumba ao na njia usiuache, kwa sababu unaweza kuanguka juu ya watu. Mingine iacheni isimame. Siku ya kuchoma, safisheni majani kavu kuzunguka shina, mita 2 ao 3, moto usipande ndani ya shimo. Katika kakao miti mirefu kama limba inafaa kwa kivuli. Panda mingine michanga kutoka kitalu, ili siku ule wa zamani ukianguka kuna mwingine nyuma yake.

Kwa koperative zinazouza kakao na kahawa kuna sababu nyingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayokataa kakao, kahawa na mafuta ya mawese yaliyotoka katika shamba lililofunguliwa ndani ya musitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mununuzi ataomba kuona mahali pa shamba kwenye ramani. Kitabu cha karo za wanachama, chenye mwaka kila shamba lilianza, kinapaswa kuwa tayari; na katika kitabu kile kile munaweza kuandika miti iliyowekwa alama.

Mwisho, neno juu ya kasuku anayepatikana muzima mikononi mwa mukamataji, ao aliyeanguka na gundi kwenye mabawa. Wengi wanafikiri kumutupa porini mara moja ni kumusaidia. Kama manyoya ya mabawa yamekatwa, hataruka. Mbwa ao paka atamupata usiku ule. Manyoya yaliyokatwa hayaoti tena mpaka yale ya zamani yaanguke yenyewe, na hiyo inachukua miezi. Mumuweke ndani ya sanduku lenye tundu za hewa, mbali na kuku, mumupe maji, ngazi na mahindi mabichi. Musijaribu kutoa gundi kwa petroli, inamuunguza. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumushika. Kisha muite watu wa ICCN walio karibu. Wale wa Kivu ya Kusini wana kituo cha Lwiro, karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambacho kilianza kwa ajili ya sokwe na nyani na kinapokea pia kasuku. Kule wanawekwa pamoja hadi manyoya yaote tena.